Saini ya Mama

Jumatatu, 7 Septemba 2009

Sijawahi kumwambia mtu. Saini iliyo kwenye mkataba wa kazi wa Mama ni yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Alileta karatasi nyumbani akasema, "Neema, niwekee jina hapo, mkono wako ni mzuri." Nikaweka. Nikaongeza na mkia chini ya jina, kama watu wakubwa. Nilijivunia.

Mama hajui kuandika. Kiwandani hawajui hilo. Miaka mitano anashona kola za mashati, na kola haiulizi herufi.

Leo mtihani wa historia. Sikuwa mbaya. Jioni Mama amesema kiwanda kinafungwa. Mashati yatashonwa China.

Ijumaa, 11 Septemba

Siku ya mwisho ya Mama na wenzake. Wamezifunga mashine kwa plastiki kwa mikono yao wenyewe. Mama aliipangusa ya kwake mafuta kwanza. Sijui kwa nini hilo linaniuma kuliko mengine.

Kila mmoja amepewa bahasha: nakala ya mkataba, barua ya kuachishwa kazi, karatasi ya maelezo. Aliyepoteza kazi anaweza kulipwa na serikali kwa miezi kadhaa, kutoka kwenye bima waliyokuwa wakikatwa. Nimemsomea Mama mara tatu. Lazima mwombaji asaini mwenyewe mbele ya karani.

Jumapili, 13 Septemba

Nimeona tatizo. Kibali cha ukimbizi cha Mama, kitambulisho chake hapa Afrika Kusini, kina alama ya kidole gumba. Mkataba una saini. Mama alitaka kuweka kidole, basi. Nikamwambia hapana, watasema mkataba si wake. Nitamfundisha ile saini.

Nilisema kwa uhakika sana. Mama huniamini kwa sababu nasoma vitabu.

Jumapili, 20 Septemba

Wiki nzima tumetumia daftari langu la hesabu. Anashika kalamu kama sindano. Mkia unamshinda. "Huu mkia wa nini? Mimi mjusi?" Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha akajaribu tena. Mkono unaogeuza kola bila macho unakwama kwenye jina lake mwenyewe.

Jumanne, 22 Septemba

Sikwenda shule. MaKhumalo, aliyekuwa mashine ya pili kutoka kwa Mama, alitushikia nafasi kwenye foleni ya ofisi ya bima. Mwanamume mmoja nyuma yetu akasema kwa Kizulu, "Eish, na wageni nao? Wakaombe kwao." MaKhumalo akageuka. "Alikatwa bima kama wewe, baba. Hiyo kola iliyokukaba labda kaishona yeye. Tulia." Watu wakacheka. Mimi niliangalia viatu.

Dirishani Mama alisaini polepole. Mkia ulitoka vizuri. Karani akaangalia fomu, akaangalia mkataba, akafungua kibali. Kidole. Akauliza nani hasa alikuwa anafanya kazi kiwandani, yeye au mwenye saini. Anadhani Mama amekuja kuchukua bima ya mtu mwingine.

Mama alinitazama. Hakutaka msaada. Alitaka ninyamaze. Akasema, kwa Kiingereza chake, "Me. Only me." Karani akaliweka ombi pembeni. Aletewe maelezo ya kiapo kuhusu ile saini, la sivyo litakataliwa.

Nilikuwa nimesimama pale pale. Kiingereza ndilo somo langu bora. Sikutoa neno.

Jumatano, 23 Septemba

Mama hajanilaumu. Ni afadhali angenipiga. Anasema tuache, atasuka nywele mtaa wa Yeoville kwa dada mmoja wa kwetu Uvira, Kongo. Hajawahi kunisuka bila mimi kulia.

Nilimuuliza kwa nini hakusema ni mimi. "Wakufunge?" Hivyo tu. Akarudi kuchambua maharage.

Ijumaa, 25 Septemba

Shule imefungwa. Nimekuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza. Sikumwonyesha.

Ushauri ulikuwa wangu. Angeweka kidole na kusema ukweli, pengine wangemwelewa. Mimi ni mwoga. Nimeliandika hapa ili nilione.

Jumatatu, 28 Septemba

Asubuhi nilikwenda peke yangu kituo cha polisi, ambako hapa ndiko watu huandikia maelezo ya kiapo. Nilivaa sare ya shule ingawa ni likizo, nilidhani itasaidia. Niliandika kwamba nilisaini mkataba nikiwa na miaka kumi na mmoja, kwamba mama yangu hajui kuandika, kwamba aliyeshona kola zile ni yeye na si mwingine. Askari akanifanya nisome kwa sauti. Akaniapisha, nikasaini jina langu, akagonga muhuri.

Kisha nikapita kwa MaKhumalo. Alikubali kuja kueleza kwamba ameshona karibu na Mama kiwandani miaka mitano.

Mama aliiona karatasi akakaa kitandani. Nikamsomea yote kwa Kiswahili. Kisha akatafuta viatu.

Tulifika dirishani kabla hawajafunga. Karani alisoma, akamsikiliza MaKhumalo, akampa Mama fomu mpya na kidau cha wino. Mama akaweka kidole. Ombi limepokelewa. Jibu baada ya wiki kadhaa, hakuahidi lolote.

Tulirudi kwa miguu hadi kwenye robot ya kona, zile taa za magari, tukanunua mkate. Nyumbani nilichemsha chai, nikampa Mama kikombe chake, nikakunja sare.