Siku Mwalimu Kabula Alipoingia Ziwani

Nyegezi, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Usiniambie umepona halafu nisikie kwa wengine kwamba bado unachechemea shambani. Na baba, kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima, ila nimechoka na wali. Ndizi za huku si ndizi.

Uliniuliza kwenye simu falsafa ni somo la nini. Ngoja nikueleze kwa jambo lililotokea, maana tangu siku ile sijatulia.

Tuna mwalimu anaitwa Kabula, mwanamke mfupi wa Magu, hacheki ovyo. Muhula huu anatufundisha mawazo ya Mjerumani mmoja wa zamani aliyeona maisha ni mateso tu: mtu anataka kitu, anaumia, akikipata anakichoka, anataka kingine. Tena Mjerumani huyo alisema kutengana kwetu, mimi huku na wewe huko, ni macho tu yanavyotuonyesha. Ndani kabisa sote ni kitu kimoja, na mwenye huruma ndiye aliyeuona ukweli huo. Mimi nilimwona mtu wa kukatisha tamaa. Nikabisha darasani: “Mwalimu, kama dunia ni mateso, huruma ya nini?”

“Sijui, Koku,” akanijibu. “Hapo hata mimi nasoma tu.”

Jumamosi alitupeleka ufukweni tukasomee kwenye upepo. Yeye alikaa mbali na maji; alishatuambia hajui kuogelea na ziwa linamtisha. Mama mmoja alikuwa akifua juu ya jiwe. Akateleza, akatumbukia penye kina. Sisi tulipiga kelele. Nakuambia kweli, mama, tulipiga kelele tu! Mwalimu Kabula alikuwa ameshaingia, na viatu vyake, maji yakamfika kidevuni, kisha yakamfunika. Alipoibuka alikuwa ameshika kitenge cha yule mama, na hakukiachia. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu jirani wakakimbia, wakawavuta wote wawili.

Nilimfunika mwalimu kwa khanga yangu. “Mwalimu, ungekufa! Hukuogopa?”

“Ningeogopa saa ngapi?” akasema. “Nilihisi anayezama ni mimi.”

Nikamtazama upya. Yule yule aliyesema anasoma tu!

Yule mama alipopata nguvu ya kukaa, alimkazia mwalimu macho, akamwuliza, “Wewe ni ndugu yangu wa upande gani?”

Mwalimu akasogea karibu naye. Akamkumbatia, wakalia. Na sisi tuliosimama tukalia, mama, wala hatukujua tunamlilia nani.

Nisalimie bibi, umsemeshe kwa sauti asikie. Baba mdogo Rwegasira mpe pole ya kazi ya kahawa, na dada Asimwe ambusu mtoto wake kwa niaba ya mama yake mdogo. Nyote nawawaza sana.

Binti yako,
Koku