Blanketi za Kochini Zimeniletea Kikao cha Wazee

Shangazi Wawira, pokea salamu zangu lakini usizijibu kwanza, nisaidie, kwa sababu wazee wanakuja kwangu Jumamosi kusuluhisha ugomvi na mimi sijagombana na mtu.

Ni mama wa wasichana wawili, tunaishi Lanet kwa nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili vya kulala, na mume wangu nitamwita Kigen ili asijulikane, ingawa jina lake ni Kigen. Mambo yalianza mwezi wa tisa nilipoanza kufuatilia kwa simu mwanamke mmoja wa ng'ambo anayefundisha watu kupamba nyumba, na huko kwao ni autumn, miti inamwaga majani na baridi imeanza kunusa madirisha, naye anasema siri ya sebule yenye joto ni kuweka tabaka juu ya tabaka, cha manyoya juu ya cha kufumwa, cha kufumwa juu ya kilicho laini, nami nikaangalia makochi yangu yamevaa vile vitambaa vyeupe alivyofuma mama mkwe kwa mkono wake akatupa siku ya harusi, nikaona niko nyuma ya dunia, nikavikunja vizuri nikavipandisha juu ya kabati.

Basi nikaingia soko la mitumba, nikatoka na blanketi nyepesi za kutandaza kochini, moja rangi ya kutu, moja rangi ya haradali, nyingine ina nywele kama mbuzi, na mito mingi, nikaweka zulia la manyoya juu ya mkeka, mezani nikapanga malenge na bakuli la majani makavu. Kigen aliporudi kazini alisimama mlangoni akaniuliza, "Mama Cherop, mbona kochi limeshika kutu?" Kesho yake majani hayakuwepo. Akasema, "Nimekutolea takataka mezani, si lazima unishukuru." Nilimsamehe, maana macho yake hayajafundishwa, lakini nilimweleza kwamba kabla ya kuketi atoe mito kwa mpangilio, na blanketi ile ya nywele asiikalie kabisa, ni ya kuonekana. Alizoea. Siku hizi anatazama taarifa ya habari akiwa ameegemea mlango wa jikoni, na anasema ni nzuri kwa mgongo.

Sasa Jumapili iliyopita baada ya kanisa nilikuwa jikoni, na Kigen alikuwa amejilaza kochini bila ruhusa, amejifunika ya kutu na ya haradali hadi kidevuni, amekumbatia mto, anakoroma, na ndipo mama yake akaingia na mfuko wa viazi kutoka kule juu Molo, bila kupiga simu.

"Kigen! Umetolewa?"

"Mama, karibu."

"Sikuulizi karibu. Umetolewa kwa chumba chako?"

Nikatoka mbio na mwiko mkononi nikasema, "Mama, hizo ni za kupamba nyumba."

"Za kupamba."

"Ndiyo, mama."

"Blanketi, mto, na mwanaume ndani." Akanitazama kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. "Msichana wangu, mimi pia nimekuwa kwa ndoa. Najua blanketi ya kochini inasema nini."

Macho yake yalipita kila kochi yakitafuta vitambaa vyake. Hakuuliza. Aliacha chai nusu kikombe, akabeba lenge moja akisema linaharibikia hapo, akaenda. Kufika jioni alikuwa amewapigia amu zake Kigen, wazazi wangu, na pasta, waje kikao Jumamosi. Tangu hapo kuku wa kuchemsha na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, vinafika hapa kutoka Molo kumpa mtoto wake Kigen nguvu, na mtoto anakula. Nikimwambia amweleze mama ukweli anasema, "Nitaanzaje? 'Mama, mimi hulala na mke wangu'? Kwetu nani husema mambo ya kitanda mbele ya mama yake?" Na ni kweli, Shangazi, hasemi, na mimi pia siwezi, na baba yangu akiwa amekaa hapo na kofia magotini. Juzi baba amenipigia akaniambia kwa sauti ndogo, "Kama mmeshindwana, kwetu mlango uko wazi." Nililia, kwa sababu hatujashindwana, nampenda huyu mtu, na sasa naona nitarudishwa kwetu kwa sababu ya mapambo. Nitaonyeshaje kikao kizima kwamba tunalala pamoja bila kutaja kitanda? Na je, ni lazima nitoe blanketi? Maana zimependeza kweli.

Mama Cherop, Lanet

SHANGAZI WAWIRA ANAJIBU

Mama Cherop, pole. Nimesoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikitafuta mahali ambapo mume wako aliketi. Sikupaona.

Nianze na hiyo autumn. Lanet hatuna. Tuna vumbi, tuna upepo, na tuna asubuhi zenye baridi ya kukata masikio, kwa hivyo blanketi sikatai. Ila mwanamke wa kwenye simu hakukwambia umfukuze mtu kochini ili mto ukae. Hilo umeongeza wewe. Mama mkwe wako amekosea kesi, lakini kwa mshtakiwa hakukosea. Alikuta mwanawe anaishi kwa nyumba yake kama mgeni anayengoja kuitwa, na mama hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa sikiza. Usingoje Jumamosi. Mpigie mama leo, wewe mwenyewe, umwambie, "Mama, wageni ni wengi, njoo Ijumaa unisaidie kupika." Hatakataa, mwanamke aliyeitisha kikao hawezi kuacha chapati zake mikononi mwa mshtakiwa. Wakati wa kulala mtandikie sebuleni. Ndiyo, kwa lile kochi. Mpe ya kutu, mpe ya haradali, na ile ya nywele uliyomnyima mume wako mfunike nayo miguu. Mtakieni usiku mwema, mwingie kwenu, mfunge mlango. Hakuna atakayetaja kitanda. Mama atakuwa amelala juu ya ushahidi, na nyumba ya vyumba viwili, kimoja cha wasichana, haina mahali pengine pa kuficha mwanaume. Asubuhi akikuuliza ile ya nywele ulinunua wapi, ujue kesi imefutwa. Mpe aende nayo. Kule Molo kwenye baridi inahitajika kuliko Lanet.

Lakini kabla hajafika, panda juu ya kabati. Vile vitambaa virudi kochini, juu ya blanketi, vionekane. Unataka tabaka? Hiyo ndiyo ya juu. Ulivaa mapambo ya mtu usiyemjua na ukavua ya mtu aliyekufumia akikuwaza, na yeye aliona akanyamaza. Kile kikombe cha chai alichoacha nusu kilikuwa cha vitambaa, si cha Kigen.

Kochi moja lisiwe na chochote. Hata mto mmoja. Hilo ni la baba Cherop, na asiulizwe.

Wazee waache waje. Utawaambiaje wasije na wameshapiga pasi suti? Wapikie hayo malenge yaliyobaki, wale, waombe, wasifu zulia. Na baba yako mwambie mapema kwamba mlango anaweza kufunga, baridi isimwingie bure.

Na wewe Kigen, usijifiche nyuma ya mila. Mambo ya kitanda hayasemwi, sawa, lakini "Mama, tuko salama" ni maneno matatu, na mdomo wako ulikuwa umejaa kuku. Najua unasoma hapa ukiwa umeegemea mlango wa jikoni. Kiti nimekuombea. Keti, kisha umpigie mama.