Maji ya Mama Yameandikwa Jina la Shemeji

Mwanza

Mdogo wangu Shabani,

Marahaba, ingawa shikamoo yako sijaiona mwaka mzima. Hapa kiwandani mimi ni mzima, vumbi la pamba tu ndilo linanikohoza. Wewe najua u mzima, maana mgonjwa hana nguvu za kufanya uliyoyafanya.

Nimepata barua ya Mama. Kaiandika kwa mkono wake, matunda ya kisomo cha watu wazima. Barua yake ya kwanza maishani, ningeipokea kwa vigelegele. Ina mistari mitatu: "Maji wamechukua. Kabichi zimekauka. Aliyeandika daftarini ni Shabani." Mengine kanisimulia binamu yetu aliyefika huku juzi.

Nimelia kwa hasira mbele ya wenzangu. Umesahau? Mianzi ile tuliikata mimi, Mama na dada yetu Zuhura. Tukatoboa vifundo kwa nondo ya moto, tukafunga viungo kwa mpira wa baiskeli, maji yakashuka toka chemchemi mpaka shambani. Haikugharimu hata thumni. Kiangazi, wengine wakitazama mawingu, Mama alikuwa anateremsha kabichi Morogoro mjini. Kabichi hizo ndizo zilizokusomesha, leo ukaitwa katibu wa kijiji.

Sasa kamati ya kijiji inasema maji ni ya wakuu wa kaya, yaani wanaume, nawe daftarini ukaandika jina la mume wa Zuhura! Mtu aliyekuja kwetu kuoa, hata mgomba hapandi bila kumwomba Mama. Wewe Mluguru gani usiyejua kwamba ardhi yetu inapita kwa mama? Shemeji anamwagilia miwa yake ya pombe, Mama anapanda mlima na ndoo kichwani. Akilalamika, unamjibu: "Mama, huo ndio utaratibu." Huna haya! Ujamaa ninaoujua mimi si kumnyang'anya mjane.

Futa jina hilo. Mpe Mama kalamu aandike lake mwenyewe, sasa anajua. Usipofanya hivyo nakuja likizo na panga, mianzi naikata, tukose wote.

Msalimie mjomba wetu, mkubwa wa ukoo. Muulize alikuwa wapi kamati ilipokaa. Msalimie Zuhura na wanawe. Wanao wewe ni wa ukoo wa mkeo. Hao wa Zuhura ndio watakaokuita mjomba na kukuzika. Siku wakikuuliza maji ya bibi yao yalikwenda wapi, utawaonyesha daftari?

Dada yako,
Mwanaidi