Miwani ya Baba Getini

Jumatatu, baada ya chakula

Aibu bado haijanitoka, ila acha niandike.

Tangu Baba astaafu jeshini akiwa kanali, amekuwa akikagua vitanda vyetu na banda la kuku, kisha anakaa kimya hadi jioni. Kampuni moja ya ulinzi hapa Kakamega ilipomchukua awe mshauri, nilimwomba Mungu walinzi wampende. Leo alikuwa anaanza kuwafunza, naye akasahau miwani nyumbani. Nikaipeleka mbio.

Getini mlinzi, mama wa makamo, akanizuia. "Kitambulisho?"

"Mimi ni binti wa Kanali," nikasema, kifua mbele kana kwamba aliyestaafu ni mimi.

"Hata Kanali mwenyewe ameonyesha chake asubuhi. Chako kiko wapi, mama?"

Nikapaza sauti. Baba akatoka, walinzi wengine wakimfuata, wamekauka kwa woga. Nikangoja amkemee yule mama.

"Afande, huyu ni nani?" Baba akamuuliza.

"Anasema ni wako, afande."

"Ameonyesha kitambulisho?"

"Hana."

"Basi hapiti."

Akapokea miwani kati ya vyuma vya geti, akanishukuru kama mgeni.

"Afande, tuachie huyu," yule mama akamwambia Baba. "Sauti ya kufukuza wezi tayari anayo."

Wote wakaangua kicheko, Baba pia. Sijamsikia akicheka hivyo tangu arudi nyumbani.

Mezani amesimulia mara tatu, ugali ukipoa. Kila mara ananiongezea kiburi kidogo katika kisa hicho. Sijamsahihisha.