Sumu Niliyoitaja Msibani

Jumamosi, 8 Machi
Tumemzika Agnella, mke wa mjukuu wangu Beno. Msichana mbichi kabisa! Juzi jioni kaanza kutapika, alfajiri hayupo. Beno anasema presha. Haya, presha.

Kijiji chetu cha Michenga kimejaa magari kutoka Dar. Huko Beno wanamwita Mkondo, nyimbo zake zinapigwa hadi kwenye mabasi. Wasanii wenzake wamekuja na miwani ya jua. Kamera ikiwaka wanalia, ikizimwa wanauliza soda ziko wapi.

Nilitania, ni haki yangu. Mke wa mjukuu ni mke mwenzangu. Nikajifunga kitenge kiunoni, nikasimama mbele ya jeneza: Nenda salama, mke mwenzangu! Sumu niliyokuwekea imefanya kazi, sasa mume ni wangu peke yangu! Watu walicheka mpaka paroko akageuka pembeni. Leticia, mama yake Agnella, alicheka huku machozi yanamtoka. Msiba bila mtani ni kilio tu.

Jumanne, 11 Machi
Wapumbavu! Mpigapicha mmoja kakata maneno yangu kayarusha mtandaoni. Digna wa jirani kanionyesha kwenye simu. Imeandikwa kwa herufi kubwa: BIBI WA MKONDO AKIRI KUUA. Mmoja anasema nina sura ya muuaji. Sura hii imekaushwa na jua la shamba, mshenzi mkubwa! Mwingine eti mimi na Beno ni wapenzi. Watoto hawa hawakulelewa na bibi?

Alhamisi, 13 Machi
Silvano, baba yake Agnella, kaenda polisi. Si kwa ajili ya utani wangu, anasema, utani anaujua. Eti wiki ile ya kifo binti alimpigia simu, anarudi kwao Mofu, amechoka kupigwa. Sikulijua hilo. Au sikuuliza.

Beno kachukuliwa. Akatabasamu, akainulia kamera vidole viwili. Nikamfokea: Shusha mkono, huendi kwenye shoo!

Jumatano, 19 Machi
Wamemfukua. Sikwenda. Digna anasema daktari alivaa kama mtu wa kupulizia dawa, wakachukua vipande wakatia kwenye vichupa, wakavipiga lakiri, vinakwenda kwa wakemia. Leticia alizimia. Na nje ya turubai, vijana wana fulana: HAKI KWA MKONDO. Haki ya Agnella hawakuiandika hata mgongoni.

Jumatatu, 7 Aprili
Majibu yamekuja. Sumu. Dawa ya wadudu, hii hii tunayopulizia mpunga.

Mchana kaja Afande Frida, mpelelezi. Mtoto wa Kipogoro, ana adabu, kaniamkia shikamoo na kukaa kwenye jamvi. Akasema: Bibi, utani wako haunisumbui, hata bibi yangu huniita mke mwenza. Ila siku ile watu wote walikuwa wanasema presha. Wewe sumu uliitoa wapi?

Nikamwambia utani hautoki mahali, unakuja tu mdomoni.

Sawa, bibi, akasema. Hakuandika kitu. Hilo ndilo linaloniuma — hakuandika. Akaniaga tu: nikitaka kusema, nimfuate kituoni.

Jumanne, 8 Aprili
Utani ule haukuja tu mdomoni.

Maiti ya Agnella niliiosha mimi, na Konsolata wa kanisani. Yeye kashika miguu, mimi kichwa. Nilipompangusa mdomo ikapanda harufu. Naijua, maisha yangu yote mimi ni mtu wa mpunga. Nikajiambia ni nguo za shamba. Nguo gani? Alikuwa uchi mbele yangu! Nikaendelea kuosha. Baadaye pale kwenye jeneza neno likanitoka kama mtu anayecheua. Nikalicheka mwenyewe, lisije likawa kweli.

Na Jumatano kabla ya kifo Beno alikuja kuniomba chupa ya dawa. Eti ile nyumba yake ya hapa kijijini ina mende. Beno! Tangu apate jina hajakanyaga jaruba la mpunga. Nikampa. Nikamwambia mvivu wee, kanunue yako. Akacheka.

Nimemlea mimi tangu mama yake afariki. Alikuwa hali mpaka nimpulizie uji.

Mungu wangu.

Jumapili, 13 Aprili
Matawi. Sikupokea komunyo. Watu wameona, na waone.

Kutoka kanisani namkuta wakili wa Beno barazani, Teofili, suti yake na viatu vina tope. Eti Beno ananisalimia mke wake, ananitegemea. Halafu akashusha sauti: Jumanne polisi wanakutaka, tutakwenda kituoni pamoja. Ukiulizwa, useme tu umri umekwenda, mambo yanakuchanganya.

Mimi nimechanganyikiwa? Nikamtajia wajukuu wangu wote na majina yao ya ubatizo. Nikamwambia taja wa kwenu. Akajikuna.

Akasema: Bibi, hasira za nini? Nakulinda. Wakikubana sana watasema ni wewe, maana hata chupa yenyewe ni yako.

Chupa gani? Sijamtajia mtu chupa. Si Konsolata, si Digna, si padri.

Akaanza kutazama simu yake.

Mjukuu wangu ndiye kamwambia. Kwa hiyo anakumbuka aliitoa wapi. Na ameshajiandaa kusema ni mimi.

Jumanne, 15 Aprili
Gari la wakili liko uwanjani, linanguruma tangu asubuhi. Nimemwambia azime au aondoke. Kazima. Hajaondoka.

Halafu kaja Leticia, na bodaboda, peke yake, kaloa. Kumbe Afande Frida kamwambia aje anisindikize kituoni. Nikamwandalia maneno ya kumjibu, maana nilijua ataniuliza nani kamuua mwanawe. Hakuuliza. Kakaa, hakugusa chai. Kasema: Mama, wewe ndiye uliyemwosha. Mimi walinizuia nisimwone. Niambie tu, aliumia sana?



Nikamwambia tangulia nje, navaa, nafunga mlango, twende wote. Katoka. Namsikia anamwambia wa bodaboda asubiri, bibi anakuja.

Mlango nimefunga. Kwa ndani, maana nikienda na Leticia namzika Beno kwa mdomo wangu.

Wakili anapiga honi. Leticia anagonga, polepole, kama kuna mtoto amelala humu. Mama? Mama, unaumwa?