Kwa Everlyn, Kuhusu Yule Lenox Wako

Riruta,
Nairobi.
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Everlyn,

Habari ya Doha na joto lake? Natumaini kifua kimepona na yule mama unayemfanyia kazi amepunguza makelele. Sisi huku tuko wazima. Mume wangu Zedekiah bado yuko kwa kazi ya mjengo, mgongo unamsumbua lakini hospitali hataki kusikia. Mama alipiga simu Jumapili kutoka Bungoma baada ya ibada, akauliza kama unakula vizuri. Nikamwambia unakula. Usinifanye mwongo.

Barua hii atakuletea rafiki yako Nakhumicha anayerudi huko Jumatano. Ningekupigia, lakini kwa simu ungenikatiza, na leo sitaki kukatizwa.

Ni kile kitabu. Mateka wa Lenox, ulichonunua kwa wale wanaotandika vitabu barabarani mjini ulipokuja likizo, ukaniachia ukisema nikikimaliza nitakushukuru. Nimekimaliza. Sikushukuru.

Sura mbili za kwanza zilinivuta, sitakataa. Mwandishi anajua kuchekesha, na huyo Mercyline anayesomea udaktari nilimpenda tangu alipoingia chuoni na sanduku lisilofunga. Halafu akaja Lenox na pikipiki yake, amevaa koti la ngozi kwenye jua kali. Anavunja simu ya Mercyline kwa sababu mwanafunzi mwenzake amempigia. Anamfungia chumbani siku ya mtihani. Na kila mara mwandishi anatuambia macho ya Lenox yalijaa huzuni. Huzuni gani? Mwenye haki ya huzuni ni aliyekosa mtihani! Mwishoni tunaambiwa babake alimtoroka akiwa mdogo, basi tumsamehe, na harusi inafungwa. Kurasa mia tatu za kumbembeleza mwanaume, na Mercyline hata nafasi ya kulia hakupewa.

Ningekitupa tu nikanyamaza. Lakini sikiza kilichotokea.

Unajua pale Kenyatta Market tunasuka kichwa kimoja watu wawili ili mteja asichoke. Mimi nilikuwa upande wa kushoto, Munyiva upande wa kulia, yule Mkamba mcheshi ninayefanya naye kazi mwaka wa nne sasa. Mteja alikuwa Mukonyo, msichana anayesomea mambo ya dawa katika chuo kimoja mjini. Kwa kuwa mikono yake ndiyo iliyokuwa haina kazi, tulimpa kitabu atusomee.

Munyiva alikuwa amempenda Lenox kabisa. "Huyo sasa ndiye mwanaume," akasema. "Wangu hata nikipotea siku mbili atauliza tu chakula kiko wapi." Nilicheka mpaka nikaangusha chanuo.

Mukonyo hakucheka. Alikuwa amefika pale Lenox anamvuta Mercyline nywele akimpandisha ngazi za hosteli, na mwandishi anasema moyo wa Mercyline ulidunda kwa mapenzi. Sauti ya Mukonyo ikaanza kupotea. Wakati huohuo nilikuwa nagawanya nywele nyuma ya sikio, na vidole vyangu vikagusa mahali pasipo na unywele hata mmoja. Upana wake kama kifuniko cha soda, ngozi bado mbichi. Nimeshika vichwa vya watu miaka kumi na mmoja, Everlyn. Dawa ya nywele haifanyi hivyo.

Nikamwinamia. "Mukonyo, nani amekufanya hivi?"

"Alikuwa tu na hasira," akasema. "Baadaye aliomba msamaha. Alilia, anti. Kama huyu Lenox."

Munyiva akaacha kusuka.

Akatueleza polepole. Anaishi Waithaka na kijana anayeitwa Kiilu. Kiilu ndiye hushika simu yake. Marafiki wote wameisha. Na kile kitabu, kumbe alikuwa amekisoma mwaka jana. "Nilikuwa nangojea tu tufike ile sura anabadilika," akasema, na sikujua anamsema Lenox au Kiilu.

Nikamuuliza kama anataka kurudi huko. Akafunga kitabu. "Sitaki. Lakini vitu vyangu viko huko."

Tukaacha kichwa kikiwa nusu, akajifunga kitambaa, tukaenda sote watatu mchana huohuo.

Kiilu alitufungulia mlango akitabasamu. "Karibuni, mama zangu." Kijana msafi, mpole, ungemwachia mtoto akutazamie. Alipoona Mukonyo anakunja nguo, akapiga magoti, akamlilia mamake aliyemwacha akiwa mdogo. Yalikuwa machozi ya kweli. Nikaona Mukonyo ameshika blauzi haikunji wala haiweki chini. Hata mimi nilimwonea huruma. Ona vile nilikuwa nimefundishwa na kurasa mia tatu!

Munyiva ndiye aliyetuokoa. "Lia baba, lia tu," akamwambia Kiilu. "Sisi tunabeba godoro." Na akalitwika kichwani, akatoka.

Hii ni wiki ya tatu. Mukonyo anakaa kwa Munyiva, na mamake alikuja kutoka Mwingi kumwona. Si kwamba mambo yameisha. Juzi Kiilu alipiga simu, Mukonyo akapokea, wakaongea, na nilipomwona macho yamevimba nikajua tumempoteza. Hakuenda. Jana nilimkuta anagombana na Munyiva, anataka redio izimwe ili asome, Munyiva hataki. Msichana alipandisha sauti mpaka majirani wakasikia, na hakuna mtu aliyemgusa. Nilisimama mlangoni nikawaacha wagombane.

Sasa wewe. Siku ile unaondoka uliniambia unamwomba Mungu akupe Lenox wako. Nilicheka nikaitikia amina. Ile amina nimeirudisha.

Zedekiah anakusalimu sana. Munyiva naye anakusalimu, ingawa hamjaonana. Mpe Nakhumicha shukrani zangu kwa kubeba barua ndefu hivi.

Mungu akutunze huko ugenini. Na akikuletea mwanaume, awe yule ambaye ukimwambia hapana, anasikia mara ya kwanza.

Ni mimi dada yako nisiyechoka kukupenda,
Rael