Samaki Kwenye Beseni la Nguo

Binti yangu, leo usifue. Kwenye beseni la nguo yumo samaki wangu. Usimlishe, ameshiba. Asubuhi nimemkuta na mkia wa samaki wako mdomoni, ananitazama kama mgeni anayengoja chai.

Wewe ulitumia mwezi mzima kuuliza samaki yupi anaelewana na yupi. Mimi jana nikamtumbukiza huyu kwenye tangi lako la samaki, mkubwa kama kiganja, nikakwambia samaki ni samaki, watazoeana. Kweli, kati ya sita wako, watano amewazoea kabisa.

~~Nitakununulia wengine.~~ Jioni twende dukani, uchague wewe. Mimi nitabeba mfuko na kufunga mdomo.

Wa sita yu hai. Amejificha ndani ya yale majani uliyopanda, niliyoyaita magugu. Usiyapunguze.

Baba